Maelezo ya Zana Yasiache Shaka

Programu ya akili mnemba iliyopewa zana nyingi huchagua ya kutumia kwa kusoma maelezo yake. Nia ya mwandishi haiioni, kama vile mtoto asivyoiona nia ya mwalimu aliyeandika agizo la mkato ubaoni. Tutazame zana ya kutaja nyakati za maji hapa Paje. Kuandika “Hutoa habari za bahari” hakutoshi. Yafaa kuandika: “Hutaja saa ya maji kupwa Paje kwa tarehe iliyotolewa. Haitabiri upepo. Saa ni za Kiswahili: saa 2 asubuhi ni 08:00.” Sentensi ya mwisho si pambo. Ikikosekana, hesabu yaweza kupotoka kwa saa 6, na katika muda kama huo maji yaliyokupwa hujaa. Mkulima wa mwani atakuta shamba limefunikwa. Basi mwalimu, katika kila maelezo taja kazi, mahitaji na mpaka.