Kodi ya Kiwanja Kinachomegwa: Swali la Wenye Nyumba wa Tanga

Mwenye nyumba anayemega sehemu ya ua wake na kuiuza, iwe katika Jiji la Tanga au katika wilaya za Pangani, Muheza na Mkinga, hukabiliwa na swali zito la kodi: je, ua ni sehemu ya makazi, au ni ardhi kama ardhi nyingine yoyote? Swali hilo lina uzito zaidi tangu Chongoleani ilipochaguliwa kuwa kikomo cha bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 litokalo Hoima, Uganda, kwa kuwa mradi wa namna hiyo huwavuta wanunuzi hadi kwenye viwanja vya zamani ambavyo wenyewe wameviachia minazi na miembe.

Kodi inayohusika ni ya ongezeko la mtaji, yaani ile inayotozwa kwenye faida, ambayo ni bei ya kuuzia ikitolewa gharama za kuipata na kuiendeleza mali. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida hiyo kwa mkupuo mmoja kabla umiliki haujahamishwa. Sheria hiyo huisamehe nyumba ambayo mtu ameimiliki kwa miaka mitatu mfululizo na kuishi humo kwa jumla ya miaka isiyopungua mitatu, mradi faida isizidi shilingi 15,000,000. Lakini kifungu chenye msamaha huo hakitaji ukubwa wa ua unaohesabiwa pamoja na nyumba.

Mali inapouzwa kwa sehemu, gharama yake ya awali hugawanywa kwa kufuata thamani ya soko ya sehemu iliyouzwa na ya ile iliyobaki. Chukulia kwamba nyumba na kiwanja viligharimu shilingi milioni 20, kisha ua ukauzwa kwa milioni 16 huku sehemu yenye nyumba ikithaminiwa kuwa milioni 64. Ua utabeba moja ya tano ya gharama, yaani milioni 4, na faida itakuwa milioni 12, ambayo kodi yake ni shilingi 1,200,000. Ua ukihesabiwa kuwa makazi, hakuna kodi. Na ikiwa muuzaji hana kumbukumbu za gharama, marekebisho ya mwaka 2023 yanamtoza asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, kwa kutazama iliyo kubwa, yaani shilingi 480,000 kwa bei hiyo.

Kasoro kubwa iko hapo. Kiwango cha asilimia 3 kina haki yake kwa warithi, ambao mara nyingi wamepokea kiwanja bila stakabadhi yoyote, lakini kila faida inapozidi asilimia 30 ya bei, aliyetunza nyaraka hulipa zaidi ya asiye nazo, na sheria ya kodi haipaswi kumwadhibu mwenye kumbukumbu. Ni kweli kwamba msamaha mpana nao una hatari, kwa sababu mwenye eneo kubwa angeweza kulikata vipande ili faida ya kila kimoja ibaki chini ya milioni 15. Lakini hatari hiyo hudhibitiwa kwa kuweka kipimo. Uingereza, kwa mfano, imeweka nusu hekta kuwa eneo la kawaida linalosamehewa pamoja na nyumba.

Kwa hiyo Bunge lingetenda haki kwa kutaja ukubwa wa ua unaofuata makazi, kwa kujumlisha mauzo ya vipande vya kiwanja kimoja, na kwa kumruhusu kila mkazi kuchagua kati ya njia hizo mbili za kukokotoa. Kabla ya hapo, muuzaji hujilinda vyema akipima na kuthaminisha sehemu zote mbili kabla ya kusaini mkataba wa mauziano, kwani mgawanyo wa gharama hutegemea pia thamani ya sehemu ambayo haikuuzwa.