MASTAA NA PICHA ZA MKANDA: NANI KAWATUMA KUKATA MUHURI WA STUDIO?

Haya wadau, kuna mchezo umeshamiri mjini na watu wameamua kuuchekea tu. Siku hizi kila staa anataka kuonekana wa zamani. Picha iwe na chengachenga, rangi zimepauka kama kanga iliyosahaulika juani, na pembeni vitarakimu vya rangi ya chungwa vinavyodai ni mwaka 1998. Dada mmoja wa bongo muvi katupia ya hivyo akijisifu kwamba yeye ni mtu wa mkanda, si wa simu. Nyuma yake Daraja la Tanzanite limejaa tele. Daraja limefunguliwa 2022, dada! Ila hiyo acha ipite. Programu ya simu haijamwibia mtu, watu wamecheka, maisha yakaendelea.

Ishu iko kwa yule msanii anayejiita mlezi wa utamaduni.

Huyu hakutumia programu. Aliweka picha ya mkanda kweli, nyeusi na nyeupe, ya studio. Mwanamke kijana amekaa kwenye stuli, nyuma yake pazia lililochorwa minazi na jahazi, redio ndogo mapajani, mkono umegeuzwa makusudi ili saa ionekane. Picha kali, hakuna ubishi. Jamaa akaifanya kava la wimbo wake mpya. Laiki zikamiminika, komenti ndio usiseme: "bro una jicho", "umeua kaka". Jicho lipi? Hiyo picha inapigwa, mama yake huyo bro alikuwa bado anacheza kombolela.

Aliyeipiga ni mzee mmoja wa Kariakoo ambaye studio yake leo imebaki kachumba ka kupiga pasipoti. Enzi zake picha zote zilitoka na ukingo mweupe, na chini kulia kuna muhuri wa kubonyeza wenye jina la studio. Kwenye kava la msanii, ukingo wa juu upo. Wa kushoto upo. Wa chini umekatwa. Hapo hata mtoto wa darasa la pili anajua mkasi ulikuwa unatafuta nini.

Mjukuu wa yule mwanamke ndiye aliyeumbua mambo. Katoa picha nzima kwenye albamu ya nyumbani, kaiweka na muhuri wake, halafu kaandika kistaarabu kabisa: "Kaka shikamoo. Huyu ni bibi yetu, arobaini yake bado. Tunaomba umtoe kwenye huu wimbo." Na wimbo wenyewe, kwa ambao hawajausikia, ni wa kumsimanga mwanamke aliyeachika. Jibu alilopata yule binti ni kupigwa bloku.

Timu ya msanii ikaja na utetezi: picha imeokotwa mtandaoni, haina mwenyewe, na tena mzee kapata promo ya bure. Promo gani ya mtu ambaye jina lake limekatwa?

Na hilo la "haina mwenyewe" ndilo linaloonyesha kwamba hawa watu hawaijui hata hiyo picha ya mkanda wanayoipenda. Mkanda mdogo una picha 36. Ule mpana wa kamera kubwa za studio, picha za mraba unatoa 12 tu. Hakuna kufuta, hakuna kuangalia kwanza kama umetoka vizuri. Mpiga picha anakadiria mwanga, anabonyeza mara moja, anaingia chumba cha giza, na akikosea kusafisha mkanda umeungua, pesa ya mteja inarudi. Ndiyo maana mtu alikuwa anajiandaa. Ile saa bibi aliichagua. Ile redio aliichagua, iwe yake au ya studio. Alilipa ili aonekane vile, kwa watu wake, si kwa ajili ya kava la matusi. Na baada ya yeye kuondoka na nakala yake, negativu ilibaki kwa fundi. Nakala zinaweza kuwa elfu, negativu ni moja, na anayeishika anajulikana alipo. Kutoka nyumba ya staa hadi Kariakoo ni nauli ya bajaji.

Mchezo huu si mgeni duniani. Mwaka 1991 kule New York yalifanyika maonyesho makubwa ya sanaa za Afrika, zikawekwa picha za studio kutoka Bamako, Mali, zimeandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Hajulikani na nani? Alikuwa Seydou Keïta, yupo hai, yupo Bamako, na negativu zake anazo. Ilibidi mtu apande ndege akamtafute ndipo jina lake likaanza kuandikwa. Leo ukitaja picha za studio za Afrika bila kumtaja Keïta, wanakuona hujui kitu. Hapa kwetu pia majina yapo. Pale Zanzibar, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianza 1930 na picha zake zinajulikana kuwa ni zake. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyelikata jina.

Halafu kinachokera zaidi, msanii huyuhuyu ndiye kila mwaka analia COSOTA kwamba nyimbo zake zinapigwa baa bila yeye kuona hata mia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 anayoishikilia kwenye mahojiano imezitaja na picha za mnato, kaka. Humo hamna ukurasa wa wasanii wenye gari peke yao.

Wapo vijana wanaopiga mkanda kwa jasho lao, wanaandika ni kamera gani, mkanda gani, na aliyepigwa ni nani. Zikitoka na ukungu wanaziweka hivyohivyo na kuulizana wamekosea wapi. Laiki zao hazifiki hata mia mbili.

Mpaka jana usiku kava lilikuwa bado juu, na sehemu ya komenti imefungwa. Arobaini ya bibi ni Jumamosi hii. Wadau, funguka: huyu jamaa aombe radhi kwa nani kwanza, familia au mzee?