Amina wa Kasulu na Amina wa Kibondo: jina, cheti na amani

 

Tumeletewa maswali mawili kutoka nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, na tumeona tuyajibu pamoja kwa kuwa yote mawili yanahusu jina moja.

La kwanza limetoka kwa baba mmoja wa Kasulu aliyejaaliwa mtoto wa kike. Mama mkwe wake ni Mkristo. Alipompakata mjukuu wake alisema kuwa mtoto huyu aitwe Amina, kwani ndiye jibu la maombi yao. Baba akalipenda jina. Nduguye akalikataa, akidai kuwa Wakristo humalizia sala zao kwa neno hilo, kwa hiyo ni jina la kanisani. Siku ya saba ikapita bila ya akika, na mpaka sasa watu wa nyumba hiyo hawasemezani vizuri.

La pili limetoka kwa mama mmoja wa Kibondo anayefundisha madrasa. Binti yake ameandikwa "Amina" katika cheti cha kuzaliwa. Ameambiwa kuwa maandishi hayo yana makosa, na kwamba ni wajibu wake kisheria ya dini aende kula kiapo ili cheti kisomeke "Aaminah". Gharama ya kwenda na kurudi inamtisha, na dhambi inamtisha zaidi.

Maneno matatu yaliyokutana

Katika Kiarabu hapa pana maneno matatu. La kwanza ni Aamina, kwa alifu inayovutwa mwanzoni, na maana yake ni mwanamke aliye salama, asiye na khofu. Hili ndilo jina la mama yake Mtume (S.A.W.), Bi Aamina binti Wahb wa Bani Zuhra, aliyefariki Abwaa, baina ya Makka na Madina, mwanawe akiwa na umri wa miaka kama sita. La pili ni Amiina, kwa kuvuta irabu ya kati, nalo maana yake ni mwanamke mwaminifu, anayetunza amana. La tatu ni Aamiin tunayoitikia baada ya Al-Fatiha na baada ya dua, yaani: ewe Mola, itikia. Hili la tatu ni neno la dua, halikuwa jina la mtu.

Kiswahili hakipambanui irabu fupi na ndefu kama Kiarabu, kwa hiyo Aamina na Amiina yote yakawa Amina. Tena Biblia ya Kiswahili ikaandika "Amina" pale ambapo sisi twasema "Amin", na neno la tatu likaingia katika sauti ile ile. Kwetu Visiwani wako pia wanaoitwa Amna, na wengi wao hawajui kuwa hilo ni lile lile Aamina lililofupishwa. Huu ndio msiba wote wa ndugu yetu wa Kasulu: maneno yamegongana masikioni, yeye akadhani dini ndizo zilizogongana.

Kwa nini limeenea milimani

Uislamu wa Kigoma uliota mizizi kwanza Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mji wa misafara na biashara. Huku juu kwa Waha, Kasulu na Kibondo, makanisa ni mengi na yana miaka mingi. Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika makao yake yako Kasulu penyewe. Hata hivyo jina Amina utalisikia katika nyumba za pande zote mbili.

Sababu ya kwanza ni ulimi. Khadija huku huwa Hadija, Fatma huwa Fatuma, Maryam huwa Mariamu. Amina halihitaji kuongezwa wala kupunguzwa herufi. Sababu ya pili ni maana. Waha, kama jirani zao Warundi, wamezoea jina linalosema jambo. Pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi, na kila asikiaye ameshajua habari ya uzazi ule. Amina nalo husema kitu kwa kila ajuaye Kiswahili, kwani mzizi wake ndio uliotupa amani, imani, amana na muumini.

Sababu ya tatu ni historia ya karibuni. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na wengi wao ni watu wa Kivu wanaozungumza Kiswahili. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya nchi yao. Mzazi aliyevuka mpaka usiku na mtoto mgongoni hahitaji kamusi ili afahamu uzuri wa kumwita binti yake "aliye salama".

Hukumu ya swali la kwanza

Jina Amina ni jina jema na linajuzu bila ya shaka yoyote. Kupendekezwa na bibi asiyekuwa Muislamu hakuliharibu. Majina ya Umar, Ali na Khadija yalitolewa kabla ya Uislamu, na wenyewe wakabaki nayo. Mtume (S.A.W.) alibadilisha majina yaliyokuwa na maana mbaya au ya kujitakasa: binti aliyeitwa Aasiya, kwa maana ya muasi, akampa jina la Jamila, na Barra akamwita Zainab. Kipimo ni maana. Kwa kipimo hicho hicho, dada anayesilimu akiwa na jina la Kiha lenye maana njema halazimiki kuliacha, na wanaowalazimisha wanawabebesha mzigo ambao sheria haikuwabebesha.

Imamu Ibnul Qayyim ameeleza kuwa wazazi wakikhitilafiana, haki ya kutoa jina ni ya baba. Hapa baba ameridhia. Ami hana haki ya kuzuia.

Liko jambo kubwa zaidi ya jina. Bi Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amuunge. Akaamrishwa amuunge mama yake. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa hivyo ndivyo, bibi aliyefurahia mjukuu na akaomba kheri anastahiki shukrani na sahani ya nyama ya akika. Baba na achinje sasa. Kupita siku ya saba hakufungi mlango, kwani wanazuoni wengi wameruhusu baada yake.

Hukumu ya swali la pili

Herufi za kilatini haziwezi kubeba kila sauti ya Kiarabu, wala Allah (S.W.) hakutukalifisha hilo. Cheti kilichoandikwa "Amina" ni sahihi. Mama na amfundishe binti yake maana ya jina lake na matamshi yake ya Kiarabu, abaki na nauli yake.

Lakini kuna kosa la kweli katika mlango huu. Watoto wetu wengi wana jina la chuoni na jina la skuli: Aaminah kwa ustadhi, Amina katika kadi ya kliniki, Amna katika daftari la mwalimu. Akifika kuomba mkopo wa elimu ya juu, cheti chake kinatakiwa kihakikiwe na RITA, na hapo herufi moja humsimamisha. Baba akifariki, mahakama ya mwanzo huuliza kama Amina huyu wa cheti ndiye Aaminah wa kitambulisho, na mirathi ya yatima hungoja. Kwa familia za Warundi, ambao tangu 2017 wamekuwa wakirejea kwao kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, tofauti ya jina baina ya karatasi mbili ni mzigo juu ya mzigo.

Kwa hiyo nasaha yetu ni hii. Chagueni namna moja ya kuandika na msiibadilishe. Msajilini mtoto ndani ya siku 90, kama sheria ya Tanzania Bara inavyotaka. Someni kila herufi kabla ya kuondoka dirishani. Na walimu wa madrasa waandike katika madaftari yao jina lile lile lililo kwenye cheti. Kulinda haki ya mtoto ni amana, na amana ndiyo nusu ya maana ya jina lenyewe.

Jina ni dua, na dua ina kazi yake

Katika Suratun Nahl, aya ya 112, Allah (S.W.) anapiga mfano wa mji, na neno alilousifia ni hili hili, aamina: mji wenye amani na utulivu, riziki zikiujia kutoka kila upande. Watu wake walipokufuru neema, wakaonjeshwa njaa na khofu. Aya hii inatuhusu sisi wenye majina hayo majumbani mwetu. Imeripotiwa kwa miaka mingi kuwa wanawake na mabinti wa kambini hushambuliwa wanapotoka kutafuta kuni. Miongoni mwao wamo kina Amina. Tutakuwa tumefanya nini ikiwa tumegombana juu ya alifu ya jina lake, na njia anayopita hatukuiuliza?

Maimamu wa Kasulu na Kibondo, na wazee wa mitaa, wa dini zote, wanaweza kuliweka hili mbele: mabinti wasiende peke yao, kesi zisimalizwe kwa faini ya mbuzi baina ya wazee, na aliyedhuriwa apelekwe hospitali na polisi siku hiyo hiyo. Huko ndiko kumwita mtoto jina zuri na kulitimiza.

Tunamuomba Allah (S.W.) amjaalie mtoto wa Kasulu awe kiburudisho cha macho kwa wazazi wake na kwa bibi yake, amhifadhi binti wa Kibondo, na azijaalie nchi hizi ziwe na amani. Amin.

Wallahu a'alam.