Ngoja Ngoja ya Ufadhili na Gharama ya Ukimya

Jumanne iliyopita, saa nne kasoro robo usiku, nilipata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani. "Shikamoo Mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Naomba kuuliza kama wamekuandikia chochote." Ulikuwa ujumbe wa tano wa namna hiyo tangu mwezi Machi, na kila mara maneno yake yamekuwa yakipungua. Ule wa kwanza ulikuwa na habari za kazi, za mvua, za mama yake. Huu wa tano ulikuwa na sentensi tatu. Nilimjibu kwamba hawajaniandikia. Akarudisha, "Ahsante Mwalimu, usiku mwema," na mazungumzo yakaishia hapo.

Binti huyu ni mhandisi wa maji vijijini. Oktoba mwaka jana aliomba ufadhili wa masomo ya uzamili nje ya nchi, kwa mfadhili ambaye sitamtaja kwa kuwa jambo ninalolijadili halimhusu yeye peke yake. Aliandika insha zake kwa wiki sita, usiku, baada ya kutoka visimani. Machi aliitwa kwenye usaili kwa njia ya video. Alisafiri hadi mjini akapanga chumba katika nyumba ya wageni yenye jenereta, maana hakutaka umeme ukatike katikati ya swali. Mei alipokea barua pepe ya mistari sita: hakukataliwa wala hakukubaliwa, amewekwa kwenye orodha ya akiba, na atajulishwa "kwa wakati ufaao". Sasa Julai inaelekea ukingoni. Masomo yanaanza Septemba.

Kati ya barua ile na leo lilitokea jambo jingine. Mwajiri wake alimpa nafasi ya kukaimu umeneja katika wilaya ya jirani, akamtaka ajibu ndani ya siku 7. Kama angekubali, asingeweza kuja mezani mwezi mmoja baadaye kuomba ruhusa ya masomo bila kuonekana mtu asiyejua anachokitaka. Aliniomba ushauri. Nami, kwa ujasiri wa mtu ambaye mshahara wake haumo hatarini, nikamwambia asubiri majibu ya ufadhili. Nafasi ile amepewa mtu mwingine, na ndiyo maana ninaandika makala haya.

Nianze kwa kuwatendea haki wafadhili. Kuchambua maelfu ya maombi kunahitaji muda, na haraka katika kazi hiyo huwanufaisha wale waliosoma shule zenye majina. Chukua mfano wa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanzishwa mwaka 1983, ambao vijana wengi wa hapa nchini wanaufahamu. Mwombaji hutakiwa awe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kiasi cha miaka 2. Huchagua kozi 3. Huahidi kurejea nchini kwake kwa muda usiopungua miaka 2. Dirisha la maombi hufunguliwa karibu na Agosti, na majibu ya mwisho huanza kutolewa karibu na Juni ya mwaka unaofuata. Ni safari ndefu, lakini vituo vyake hutangazwa mapema, na mtu anayejua kwamba Juni ndiyo Juni huweza kupanga maisha yake kuizunguka. Ninachokilalamikia mimi ni ngoja ngoja isiyo na kituo: "kwa wakati ufaao", "tutawasiliana na waliofaulu tu", "tafadhali usitume barua za kuulizia". Maneno hayo humwachia mwombaji kazi ya kukisia, na kukisia huko kuna bei.

Tuitazame bei hiyo. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2 tu. Aliyeomba mara mbili bila mafanikio hana budi kulipia upya. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu, ambacho Uingereza humtaka Mtanzania awe nacho kwa viza ya masomo yanayozidi miezi 6, hudumu miezi 6. Barua ya chuo inayomkubali mwanafunzi ina siku ya mwisho ya kuijibu, na vyuo vingine hutaka amana ya fedha. Kila karatasi aliyonayo mwombaji mkononi ina tarehe ya kuisha nguvu. Karatasi moja tu haina tarehe yoyote, nayo ni ile anayoingoja.

Mtumishi wa umma ana mzigo wa ziada. Ruhusa ya masomo huombwa kwa barua inayopita kwa mkuu wa idara, kisha kwa afisa utumishi, kisha kwa mwenye mamlaka ya kuridhia. Na kila meza ina jalada, na kila jalada lina siku zake. Afisa utumishi humuuliza: una barua ya ufadhili? Hana. Mfadhili naye humuuliza: mwajiri wako amekuruhusu? Bado. Nimeona watu wazima, wenye watoto na wenye vyeo, wakikimbia kati ya maswali hayo mawili kwa miezi mitatu, kila ofisi ikisubiri nyingine iseme kwanza.

Kwa watu wa namna hii tuna maneno ya kuwatuliza yaliyokwisha kuandaliwa. Subira huvuta heri. Mvumilivu hula mbivu. Siyadharau, lakini tunda la methali hiyo liko mtini, na anayelingoja hupita kila asubuhi akaliona likibadilika rangi. Mwanafunzi wangu hauoni mti. Wahenga walilijua hilo pia, ndiyo maana wametuachia methali nyingine ambayo sisi tulio ofisini hatupendi kuitaja: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mimi mwenyewe niliwahi kungoja. Ilikuwa zama za barua za karatasi, mwishoni mwa miaka ya 1990, na anwani niliyoitoa ilikuwa ya sanduku la posta la idara nilikokuwa mkufunzi msaidizi. Ufunguo wa sanduku ulikuwa kwa katibu muhtasi, naye alikuwa likizo kijijini kwao. Barua yangu ilikaa ndani ya sanduku lile wiki tatu. Nilipoifungua nilikuwa nimebakiwa na siku 4 za kujibu kwa faksi. Siku hizi nasimulia kisa hicho kama kichekesho, lakini nakumbuka vizuri kwamba katika wiki zile tatu nilikwisha kujishawishi kwamba sikuwa na akili za kutosha. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliyajaza mwenyewe yale ambayo ukimya uliyaacha wazi. Na katibu muhtasi hakuwa na kosa. Nani aliuandaa utaratibu wa ufunguo mmoja?

Kungoja wengine waamue nani asome si jambo geni kwetu. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, akarejea 1952 akiwa na shahada. Dola ile ile iliyomtawala ndiyo iliyompa nauli. Lakini tunayo pia historia ya namna nyingine. Septemba 1959 vijana 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda vyuo vya Marekani, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya akiwa na wenzake kama Julius Kiano. Familia na vijiji vilichanga, na huko Marekani watu kama Jackie Robinson na Harry Belafonte walisaidia kuomba michango. Mwaka uliofuata, wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilipokataa kuugharimia usafiri, fedha zilipatikana kwa wakfu wa familia ya Kennedy, dola 100,000 za kuanzia. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake: wapo waliofika bila fedha za kutosha za kujikimu. Hata hivyo, kuna jambo moja ndani yake ambalo tumelipoteza. Waliochagua walikuwa hapa hapa Afrika Mashariki, wakiwajua wazazi wa waombaji na shule walizotoka. Wangeweza kukosea, wangeweza hata kupendelea, lakini kijana aliyetaka kujua hatima yake alijua ni mlango gani wa kuubisha.

Leo mlango uko mbali, na matukio ya karibuni yametuonyesha kwamba hata walio ndani ya nyumba hawana hakika na funguo zao. Juni 2025 karibu wajumbe wote wa bodi ya Fulbright, ufadhili wa Marekani uliodumu tangu 1946, walijiuzulu wakidai kwamba serikali ya nchi yao iliwanyima nafasi watu wengi waliokwisha kuchaguliwa. Mwaka huo huo Uingereza ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake ya nje kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Hizo ni fedha zao na wana haki ya kuzipangia. Ila mhandisi wetu aliyeko wilayani, anayefungua barua pepe kabla ya kufungua kinywa asubuhi, anangoja uamuzi ambao unaweza kutenguliwa na uchaguzi wa nchi ambayo hana kura ndani yake.

Hapa baadhi ya wasomaji wangu, hasa wanaharakati, wangetaka niendelee kuushambulia ubeberu. Siwezi kuendelea kabla sijasafisha mlango wangu. Mwaka juzi kijana mmoja aliniomba barua ya mapendekezo. Nilimkubalia kwa furaha, nikaiweka kando kwa sababu ya kusahihisha mitihani, na nilipoingia kwenye mfumo wa maombi nikakuta umefungwa siku moja kabla. Sikumwambia. Nilingoja aniulize. Alingoja majibu kwa miezi 7, bila kujua kwamba maombi yake hayakuwa yamekamilika tangu siku ya kwanza, na aliyelijua hilo alikuwa mimi. Nilipomweleza hatimaye, alisema, "Haidhuru, Mwalimu." Ningependelea angekasirika.

Kwa hiyo tunapouliza kwa nini watu wa mbali hawajibu, tuulize pia barua ngapi za ruhusa zimelala katika idara zetu, nakala ngapi za matokeo ya mitihani hutolewa baada ya mwombaji kuja mara tano, na wahadhiri wangapi huandika mapendekezo usiku wa mwisho kwa kunakili ya mwaka uliopita. Mtumishi wa umma unayesoma hapa, unaweza kukataa ombi. Sheria imekupa uwezo huo. Kataa basi kwa maandishi na kwa tarehe. Anayejua kwamba amekataliwa Aprili ana miezi ya kutafuta njia nyingine. Anayeambiwa Septemba, au asiyeambiwa kabisa, amenyang'anywa mwaka, na huo mwaka hauonekani katika taarifa ya mtu yeyote.

Swali kubwa zaidi ni kwa taifa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nguvu yake kubwa imekwenda kwenye shahada ya kwanza, na si vibaya. Huko ndiko walipo wengi. Mradi wa HEET, ulioidhinishwa 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umewapeleka wahadhiri wa vyuo vya umma kusoma uzamili na uzamivu. Huo ni mwanzo mzuri, ila ni mradi, na mradi una siku ya kufungwa. Tena mhandisi wa maji si mhadhiri. Ninachokipendekeza ni mfuko wa kudumu wa masomo ya juu kwa watumishi na vijana walioko kazini, unaochagua hapa hapa, kwa kalenda iliyochapishwa, wenye wajibu wa kisheria wa kumjibu kila mwombaji kwa siku iliyotajwa na kumpa sababu. Uanze na watu 50 kwa mwaka ikibidi. Ninajua pingamizi litakalokuja: watoto wanakaa chini madarasani, nawe unataka fedha za uzamili? Pingamizi hilo lina uzito, na sitalijibu kwa kejeli. Nasema tu kwamba madawati hayo yatahitaji pia maji shuleni, na kuna mtu mmoja ninayemjua ambaye amejifunza kuyachimba na anataka kujua zaidi.

Jana jioni nilimpigia simu. Nilimwambia kwamba ushauri wangu wa Mei ulikuwa mbaya, kwamba nilipaswa kumwambia achukue nafasi ile ya kukaimu na kuuacha ufadhili umkute kazini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata kama nisingemshauri hivyo angesubiri tu. Sijui kama ni kweli au ni adabu. Akaniarifu kwamba amekwisha kufungua fomu ya mfadhili mwingine, kwa masomo ya mwaka ujao, na kwamba barua yangu inatakiwa kabla ya tarehe 15 Agosti. Nimeiandika leo alfajiri na kuituma, kisha nikampelekea ujumbe kumweleza kwamba imepokelewa, nikautaja na muda ulioonyeshwa na mfumo: saa 12:40 asubuhi.