TUHESABU MILIO YA BARUTI



Stanley alipokata njia penye majabali ya Kongo ya Chini, tangu 1879, aliitwa Bula Matari, yaani Mvunja Mawe. Baadaye hata Serikali ya kikoloni ikaitwa jina hilo. Lakini nyundo zilishikwa na Waafrika, Wazanzibari wakiwamo. Sifa ilimwendea mmoja, hatari ikabaki kwa wengi. Sisi makarani wa machimbo tukaao Muhumba twasema desturi hiyo ingali hai, nayo imejificha katika daftari.

Kazi ya kupasua mwamba ni hii: watu hutoboa matundu, hutia baruti na fataki, huziba kwa udongo, huwasha tambi, kisha hujitenga mbali. Utambi wa kawaida huungua meta 1 kwa muda wa dakika 2 hivi, na kwa kuwa huwashwa mmoja baada ya mwingine, kila tundu hulia kwa zamu yake. Waliotia matundu 12 yawapasa kusikia milio 12. Wakisikia 11, au wakiitilia shaka hesabu, basi wajue kuna baruti iliyolala mwambani. Atakayeigusa kwa mashine ya kutoboa hatarudi kwake.

Katika machimbo mamoja tuliyoyafanyia kazi, daftari lilikuwa na safu ya baruti iliyotoka ghalani na safu ya mawe yaliyopatikana. Safu ya matundu yaliyokataa kulia haikuwapo. Zamu ya usiku iliondoka na habari zake, zamu ya asubuhi ikaingia bila kujua lo lote.

Wako wasemao kwamba kuhesabu kunachelewesha kazi. Je, mazishi hayaicheleweshi?

Twataka mambo matatu. Kwanza, safu hiyo iandikwe kila zamu, na kapita atokaye atie sahihi mbele ya kapita aingiaye. Pili, mlio ukipungua, mtu ye yote asikaribie kabla ya nusu saa kupita. Wala asitoboe kamwe katika tundu la zamani, hata likionekana tupu. Tatu, maagizo ya masanduku ya baruti yaandikwe kwa Kiswahili pia, maana afunguaye sanduku ndiye apaswaye kuyasoma.

Jambo la kwanza halihitaji fedha wala ruhusa ya mbali. Makarani wenzetu, hapa Kivu na popote mlipo, ichoreni safu hiyo kesho asubuhi, na kapita akikataa kutia sahihi, andikeni kwamba amekataa.