Pointi 60 za viza hazimo mfukoni mwa wakala

Mpunga wa Mbarali na Kyela ukishauzwa, na viazi vya Uporoto vikishapakiwa kwenye malori ya Dar es Salaam, fedha hutafuta pa kwenda. Nyingine huishia kwenye bati, nyingine kwenye ada za shule, nyingine kwenye bodaboda. Zipo familia ambazo huzitenga kwa jambo kubwa zaidi, nalo ni kumpeleka kijana majuu. Fedha za mazao zisipotosha, huuzwa ekari moja, ng'ombe wawili, au miti ya paini ya Mufindi ambayo haijafikia umri wa kuvunwa. Wengine huingia kwenye mikopo ya kausha damu.

Kijana kwenda kutafuta maisha si kosa, na wapo waliokwenda wakawajengea wazazi. Tatizo linaanza pale mzazi anapouza mtaji unaozalisha ili anunue kitu ambacho hakiuzwi. Kitu hicho ni pointi za viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, na kwa kuwa wengi huzisikia tu bila kuelezwa zinavyohesabiwa, ni vema hesabu yake ikawekwa wazi kama hesabu ya mbolea na magunia.

Mfumo wa pointi ulianzia Kanada mwaka 1967, Australia ikafuata, na Uingereza ikauanza mwaka 2008. Baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, uliandikwa upya na viza ya sasa ya mfanyakazi mwenye ujuzi ikafunguliwa Desemba 2020. Mwombaji anatakiwa kufikisha pointi 70. Akipata ajira kwa mwajiri mwenye leseni ya serikali ya kuleta wageni, anapata pointi 20. Kazi yenyewe ikiwa ya kiwango kinachokubalika, 20 nyingine. Kiingereza ni pointi 10. Zinazobaki 20 kwa kawaida hutokana na mshahara.

Hapo ndipo mkulima anapopaswa kuweka jembe chini na kutazama vizuri. Ajira, kiwango cha kazi na mshahara ni pointi 60, na zote ziko mikononi mwa mwajiri. Wakala wa Mwanjelwa hana hata moja, wala rafiki wa rafiki aliyeko London. Pointi ambazo familia inaweza kuzigharamia moja kwa moja ni zile 10 za Kiingereza, na hizo nazo hupatikana kwa kusoma na kufanya mtihani unaotambuliwa. Aliyehitimu shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia baada ya kuhakikiwa na taasisi ya huko iitwayo Ecctis. Tangu Januari 8, 2026 kiwango cha lugha kwa waombaji wapya kimepandishwa, kwa hiyo Kiingereza cha kuombea maji hakitoshi.

Masharti ya mwajiri nayo yamekazwa. Kabla ya Aprili 2024 mshahara wa chini wa kawaida ulikuwa pauni 26,200 kwa mwaka. Ukapandishwa hadi pauni 38,700, na tangu Julai 22, 2025 ni pauni 41,700, au zaidi kama kazi husika ina kiwango chake cha juu kuliko hapo. Wapo wanaopewa nafuu, kama wahitimu wachanga na baadhi ya wafanyakazi wa afya na elimu. Siku hiyo hiyo ya Julai kazi zinazokubalika zilipandishwa hadi ngazi ya shahada, isipokuwa chache zilizowekwa kwenye orodha ya muda. Kinachopimwa ni kazi atakayofanya mtu, si cheti alichonacho. Mwenye shahada ya Sokoine akiahidiwa kazi ya kuokota nyanya, hana pointi za kiwango.

Dereva wa lori aliyekaa miaka 20 kwenye njia ya Tunduma na Dar es Salaam, anayeujua mlima Kitonga kama kiganja cha mkono wake, ni fundi wa kweli. Kwa viza hii ya Uingereza hata hivyo, udereva wa malori haumo kabisa. Kibarua wa shambani pia hayumo. Kazi za msimu za kuvuna mboga na matunda zina viza yake ya miezi 6, na muda ukiisha mtu hurudi kwao. Kanada iliwafungulia mlango madereva wa malori mwaka 2022 kupitia mfumo wake wa wenye ujuzi, lakini nako kuna mtihani wa lugha na ushindani wa pointi na wenzao wa dunia nzima. Australia hutaka pointi zisizopungua 65, na aliyefikisha miaka 45 huwa ameshachelewa.

Kuna wanaosema kwamba mlango wa kutunza wazee uko wazi. Ulikuwa wazi. Uingereza iliwaingiza watunzaji hao kwenye viza ya ujuzi Februari 2022, watu wakaenda kwa wingi kutoka India, Nigeria na Zimbabwe. Baadhi walipofika walikuta kampuni iliyowaita haina kazi ya kuwapa, au ina saa chache zisizotosha kulipa hata chumba, ilhali nyuma wameacha madeni. Kati ya mwaka 2022 na mwisho wa 2024, zaidi ya leseni 470 za waajiri wa sekta hiyo zilifutwa. Julai 22, 2025 mlango ukafungwa kwa waombaji wapya walioko nje ya Uingereza. Yeyote anayepokea fedha leo Iringa mjini kwa ajili ya kazi ya kutunza wazee Uingereza anauza tiketi ya basi lililokwishaondoka.

Wauguzi bado wana nafasi, ila wanahitaji kusajiliwa na baraza la wauguzi la huko baada ya mitihani. Tanzania imo pia katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kwa kanuni za Uingereza waajiri na mawakala hawaruhusiwi kuja kuwasaka wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi anaweza kuomba mwenyewe. Wakala anayepita hospitalini akiandikisha majina amekwishavunja kanuni ya nchi anayodai kuiwakilisha.

Kuhusu gharama, ada ya cheti cha udhamini hulipwa na mwajiri, na tangu mwisho wa mwaka 2024 ni marufuku kumbebesha mfanyakazi. Mwombaji hulipa ada ya viza, mtihani wa lugha, kipimo cha kifua kikuu, na mchango wa huduma za afya wa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Kwa mkataba wa miaka 3 mchango huo peke yake unazidi Sh milioni 9. Wenye viza za afya wamesamehewa. Ada ya viza na mchango huo hulipwa moja kwa moja kwa serikali ya Uingereza, na viza ikikataliwa mchango hurudishwa. Wakala anayetaka zote apewe yeye, taslimu au kwa simu, bila stakabadhi, aeleze ni kwa nini.

Nyanda za Juu Kusini si ngeni kwa biashara ya kupeleka watu kazini mbali. Enzi za Mwingereza, vijana wa Kibena, Kihehe, Kikinga na Kinyakyusa walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa ajili ya namba walizopewa. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU. Wengine wa Rungwe walivuka mpaka kwenda migodi ya Copperbelt na Afrika Kusini. Ujira ulikuwa mdogo na mateso yalikuwapo. Lakini nauli na chakula cha njiani vilitoka kwa mwenye mkonge, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na shida ya mikono. Leo mambo yamegeuka: anayetafutwa ndiye anayeuza shamba ili atafutwe.

Ukweli wa ahadi hauhitaji mganga. Serikali ya Uingereza hutangaza kwenye intaneti orodha ya waajiri wote wenye leseni, na kuisoma ni bure. Kijana aulize jina kamili la mwajiri, alitafute humo, kisha awasiliane na kampuni kwa anwani aliyoipata mwenyewe, si ile aliyopewa na wakala. Jina likikosekana, pointi 60 hazipo, na ng'ombe arudi zizini.

Kwa upande wa hapa nyumbani, Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 inamtaka wakala wa ajira awe na kibali, na TaESA ndicho chombo cha serikali cha huduma hizo. Kasoro ni kwamba taarifa haziteremki. Mkulima wa Isimani au Umalila hujua bei ya mahindi kwa simu asubuhi, lakini majina ya mawakala wenye vibali hayajui. Halmashauri za Mbeya na Iringa hazihitaji bajeti mpya kwa hili. Karatasi moja kwenye mbao za matangazo za kata na kwenye ofisi za AMCOS inatosha, ilimradi ibandikwe kabla ya malipo ya msimu kuanza.