Onyo la shisha limebaki jikoni

UGANDA ilipiga marufuku shisha kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016. Hata hivyo, moshi wake haujatoka katika baa za Kampala, na sote tunajua kwamba tumbaku hiyo yenye asali na manukato hupitia mipakani ndani ya mizigo na masanduku ya wasafiri.

Kwa sigara, sheria hiyo hiyo inataka onyo la picha na maandishi lichukue asilimia 65 ya pakiti. Mvutaji hulitazama kila anapochomoa sigara. Mvuta shisha haoni kitu. Tumbaku yake hufunguliwa nyuma ya kaunta, hupakiwa kwenye kichwa cha udongo, huwekewa makaa, ndipo bomba huletwa mezani likinukia tofaa. Pakiti, na onyo lake kama lilikuwapo, imebaki jikoni.

Uturuki ililiona hilo. Mwaka 2013 iliagiza onyo liwekwe kwenye chupa yenyewe ya maji, nalo lichukue asilimia 65. Kwetu njia hiyo haiwezekani, kwa sababu huwezi kubandika onyo la serikali kwenye kitu cha magendo.

Matokeo yake ni kwamba anayezungumza na mteja ni mtengenezaji peke yake. Ziko pakiti zilizoandikwa kwamba lami ni asilimia sifuri. Huo ni ujanja wa kibiashara: lami hutokea tumbaku inapochomwa, kwa hiyo ndani ya pakiti isiyowashwa lazima iwe sifuri! Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2005 kwamba kikao cha saa moja kinaweza kumvutisha mtu moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Maji huupoza tu, hayauondolei sumu. Makaa nayo huongeza gesi ya kaboni monoksaidi.

Tunawaambia haya hasa ndugu zetu wanaorejea kutoka Dubai, ambako mikahawa yenye kibali huiuza hadharani, na wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Mutukula. Tanzania ilitangaza marufuku mwaka 2016; Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017. Ni kweli kwamba Januari 2024 hakimu mmoja huko Mombasa aliona utaratibu wa Bunge haukufuatwa katika marufuku ya Kenya. Uamuzi huo hauvuki mpaka. Katoni iliyonunuliwa upande ule ni kosa upande huu, na anayepoteza mtaji ni mchukuzi, si mwenye baa.

Tunaitaka Wizara ya Afya ishirikiane na forodha kuweka mabango ya Kiswahili, yenye picha zile zile za pakiti za sigara, katika vituo vyote vya mpakani na Uwanja wa Ndege wa Entebbe. Yawekwe kabla ya dirisha la forodha, si baada yake.